Kamongo: shajara ya pikipiki iliyotoka topeni

Jumamosi, 11 Februari 2023. Mita: km 31,480

Nimenunua pikipiki ambayo haiwaki. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) alipokuwa anagonga muhuri kwenye hati ya mauziano aliniuliza mara mbili kama bei nimeielewa, maana muuzaji alikuwa anacheka. Shilingi milioni moja na laki nane. Ni Yamaha XTZ125, mali ya zamani ya shirika moja la misaada. Ilikuwa imeegeshwa bondeni hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, usiku ule wa mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipopasua kingo. Walioivuta waliikuta imelala ubavu, tope limeingia hadi ndani ya taa. Tangu hapo imekaa nyuma ya ghala zaidi ya miezi sita, kuku wakitaga kwenye siti.

Nimeipa jina Kamongo. Sisi tuliokulia Busia tunamjua samaki huyo. Maji yakikauka anajizika topeni, anangoja. Mvua ikirudi anaamka na kuendelea na shughuli zake.

Kwa nini hii, na si boda ya kawaida? Kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima, hizi za mkono za U2 na U3, kuanzia Mbale hadi Bukwo upande wa mlima Elgon, na hadi Nakapiripirit na Moroto upande wa Karamoja. Miaka minne nimebebwa na boda, na mara nyingi mwendo wa mwisho nimeumalizia kwa miguu, begi la spana begani, kwa sababu gurudumu dogo likikutana na korongo la mvua halipandi, linagonga. Hii ina gurudumu la inchi 21 mbele na 18 nyuma, madigadi ya mbele yamekaa juu mbali na tairi, injini ni ya sisi (cc) 124 inayopozwa kwa upepo. Hakuna rediata ya kutoboka wala kompyuta ya kununa.

12 hadi 28 Februari 2023

Fundi wangu ni Mzee. Mnubi wa Bombo, mtoto wa askari. Kiswahili chake kinatembea kwa amri, changu cha mpakani kinatembea kwa bei, lakini tunaelewana. Amri yake ya kwanza: "Binti, usijaribu kuiwasha. Chombo kilichokunywa maji hakiamshwi, kinatapishwa."

Tukafungua plagi, tukaingiza gia ya tano, tukazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole. Tundu la plagi likatema maji ya rangi ya chai. Oili nayo ilikuwa imekuwa maziwa. Tulimwaga, tukatia lita moja ya oili rahisi, tukazungusha, tukamwaga. Mara ya pili bado maziwa, ila mepesi. Mara ya tatu ikatoka na sura ya oili.

Tangi lilikuwa na kutu ndani. Siki lita tatu na vipande vya cheni kuukuu, kisha wajukuu wa Mzee wakapewa kazi ya kulitikisa kila wapitapo. Siku mbili hivi. Tukasuuza kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki usibaki ukaendelea kula chuma, tukalianika, tukapaka mafuta ndani siku ileile. Ukilala bila kulipaka, asubuhi kutu imerudi.

Kabureta ililala kwenye petroli usiku mzima. Nilitaka kuzibua jeti kwa sindano, nikapigwa kofi la mkono, la kweli kabisa. Jeti ni ya shaba nyeupe, sindano ni ya chuma. Ukiikwangua kidogo tu tundu linapanuka, na kuanzia siku hiyo pikipiki inakunywa kama mlevi wa malwa. Tumetumia uzi wa nailoni na pumzi.

Nyaya ndizo zilizokula siku nyingi. Waya wenyewe hauna neno, ngozi yake inaulinda. Maji huingia kwenye viunganisho, humo ndimo shaba inapoota ukijani. Nilifungua kimoja kimoja, nikakisugua kwa mswaki, nikakikausha, nikapaka grisi kidogo kabla ya kukifunga. Viunganisho kumi na tisa. Sijui kwa nini nilivihesabu.

Beringi za magurudumu zote nne zilikuwa zimekwama. Hapa nilijifunza jambo ambalo lingenipunguzia pesa nyingi maishani: beringi haina kabila. Pembeni mwake imechongwa namba, na namba hiyo ni ileile dunia nzima. Ukiona 6202, jua tundu lake ni milimita 15, upana wa nje 35, unene 11, iwe ya pikipiki, ya dainamo au ya mashine ya kusaga mahindi. Nilisoma namba zangu, nikaenda duka la vifaa vya mashine za kusaga, nikapata zote kwa chini ya nusu ya bei niliyotajiwa kwenye duka la spea za pikipiki. Nunua zenye mfuniko wa mpira pande zote mbili. Zilizo wazi ni mwaliko kwa vumbi.

4 Machi 2023. Km 31,480 bado

Imewaka! Tuliisukuma kwenye mteremko wa nyuma ya gereji, mara ya nne ikakohoa, ikatoa moshi mweupe wa maji yaliyobaki kwenye ekzosi, ikatulia. Baada ya dakika kumi Mzee akaizima na kumwaga oili tena, ikiwa ya moto, kwa sababu joto huamsha maji yaliyojificha kwenye kona. Alikuwa na haki. Kulikuwa na maziwa kidogo.

Nimempelekea mke wake kilo mbili za sukari.

Aprili 2023. Km 32,300

Klachi inateleza. Nakaza moto, injini inalia, mwendo hauongezeki. Nilikuwa Budadiri, nikabadilishiwa oili na kijana mmoja aliyeniambia ameweka "ya hali ya juu". Ilikuwa ya hali ya juu kweli, ila ya gari. Kwenye gari klachi imekaa pakavu, mbali na oili ya injini. Kwenye pikipiki kama hii bamba za klachi zinaogelea humohumo kwenye oili ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano. Klachi bila msuguano ni sahani tu. Tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA au MA2, mengine ni mapambo. Nilimwaga, nikaweka sahihi, baada ya kilomita mia moja hivi klachi ikarudiwa na akili. Nilibahatika, bamba hazikuungua.

Mei na Juni 2023

Miezi ya ujinga. Naandika ili nisisahau.

Siti ilikuwa kimo cha sentimita 84 na mimi ni mfupi, kwa hiyo kupunguza sifongo lilikuwa jambo la haki. Fundi viti wa mtaani alikata sentimita nne katikati akaacha kingo, na sasa mguu mmoja unakanyaga chini vizuri. Hilo sijutii.

Lakini halafu nikaanza kuona picha. Nikachomelewa keria ya mabomba mazito nyuma, juu yake boksi la bati linalofunga kwa kufuli. Vyuma vya kukinga injini kulia na kushoto. Bamba nene chini ya injini. Taa mbili za ziada za wati 20 kila moja. Kioo kirefu cha kuzuia upepo, kwenye pikipiki ambayo mimi huiendesha kwa mwendo wa 60. Watoto wakawa wananiita "UN". Nilipenda, siwezi kudanganya.

Mzee aliizunguka mara moja akasema, "Umempa punda kitanda." Nikadhani ni wivu.

(Jambo moja la uchomeleaji: toa waya za betri na uchomoe kile kiboksi cha kuwashia plagi kabla mtu hajagusisha umeme wa welding kwenye fremu. Na kibano cha ardhi kikae karibu kabisa na panapochomelewa, umeme usipite kwenye beringi kutafuta njia ya kurudi.)

17 Agosti 2023. Km 35,910

Moroto na Kamongo kwa mara ya kwanza. Visima vitatu vya kukagua njiani, kilo 34 ndani ya boksi: spana za pampu, mipira ya pistoni, washa, nguo, jerikeni ya lita tano. Kutoka Muyembe hadi Nakapiripirit ni kama kilomita 92, na nilizikuta zimechanganyika: kipande cha ujenzi, kipande cha vumbi jepesi kama unga wa muhogo, kipande cha mawe. Pian Upe, hifadhi ya wanyama, ilinipa zawadi ya pofu sita wakikatiza barabara bila haraka, wakubwa kama ng'ombe wa zizini kwa mtu mwenye bahati. Nikazima injini, nikawangoja. Bila kuzima labda nisingeusikia kabisa ule mlio: nyuma yangu kitu kilikuwa kinagonga, ki, ki, ki.

Keria ilikuwa imepasuka kwenye kiungo cha kushoto. Mbaya zaidi, fremu ndogo inayobeba siti ilikuwa imeanza ufa. Kosa ni la mahali mzigo ulipokaa, na hesabu yake ni ya bembea: kilo 34 zilizokaa nyuma ya ekseli zinaning'inia kwenye mkono mrefu, na kila shimo linazizidisha. Gurudumu la mbele nalo linakuwa jepesi, usukani unacheza mchangani. Nilikuwa nimejilaumu mimi siku nzima kwamba siwezi kuendesha kwenye mchanga.

Nikafunga kwa mpira wa tyubu, nikatembea kwa mwendo wa harusi. Kilomita kama ishirini kabla ya Nakapiripirit, pancha ya mbele. Tyubu ilipasuka kwenye pua, haizibiki, na tyubu ya akiba niliyobeba ilikuwa ya nyuma, ya 18. Nilikaa chini ya mgunga kama saa moja. Akaja kijana wa boda, Mkaramojong, amebeba mkaa. Hakusema neno, akaichukua tyubu yangu ya 18, akaitia upepo kidogo, akaivuta, akaipachika kwenye rimu ya 21 kama mtu anayevalisha mtoto soksi ndogo. Ikanifikisha. Imevutika mno kuaminiwa kwa siku nyingi, lakini ikanifikisha. Akanieleza pia kwamba ingekuwa bora nibebe ile ya 21 peke yake. Kubwa ukiiweka kwenye rimu ndogo inajikunja kidogo tu na inaenda, ndogo kwenye kubwa inalia.

Steji (kituo cha boda) ya Nakapiripirit jioni ile ndiyo iliyonibadilisha. Taa zangu mbili zilikuwa zimemaliza betri. Wati 40 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea tatu, na mtambo mdogo wa umeme wa injini ya sisi 124 hauna akiba ya ukarimu huo unapotembea polepole siku nzima. Waya wa klachi ulikuwa umeanza kukatika uzi mmoja mmoja, na ule wa akiba niliokuwa nao ni wa bei mbaya, umetoka Kampala. Vijana wanne wakaizunguka Kamongo. Boliti za vyuma vyangu vya mapambo zilikuwa za funguo ya pembe-sita-ndani, ile ya Allen, na steji nzima haikuwa nayo. Cheni? "Hii ni 428, dada, sawasawa na ya Boxer." Balbu ya indiketa wanayo. Waya wa klachi walipima urefu kwa mkono, wakachukua wa boda, wakauchongea kichwa kipya kwa risasi iliyoyeyushwa kwenye kijiko. Shilingi elfu kumi. Mpaka leo naandika haya, waya ule uko kwenye begi kama akiba.

Nikala roleksi mbili (chapati zilizoviringishwa na mayai) nikiwa nimesimama, nikaanza kufikiri upya.

Septemba 2023

Mjomba wangu alikuwa akiendesha baiskeli pale Busia, kuvusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha, enzi neno boda-boda lilipokuwa bado ni mlio wa kumwita abiria anayetaka kufika mpakani. Nakumbuka baiskeli yake. Kila kitu juu yake kilifungwa kwa spana moja ya vichwa viwili, na spana yenyewe ilining'inia chini ya siti kwa kamba. Mimi nimesomea ufundi na nimeunda chombo kinachohitaji sanduku.

Kwa hiyo sheria mpya, nimeiandika kwa rangi ndani ya kifuniko cha betri: KITU HAKIPANDI JUU YA KAMONGO KAMA STEJI HAIWEZI KUKITENGENEZA.

Kilichoshuka: boksi la bati (sasa ni sanduku la mbegu la mama mkwe), kioo, taa moja kati ya mbili, vyuma vya pembeni. Bamba la chini ya injini limebaki, ila tumelitoboa matundu, kwa sababu tope lilikuwa linakaa humo likikauka kama tofali na kuzuia upepo unaopoza injini. Keria imekuwa fupi na nyepesi. Fremu Mzee aliikaza kwa kipande cha bapa ndani ya kona, baada ya kutoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia.

Mzigo sasa unakaa kwenye mifuko miwili ya turubai aliyonishonea fundi wa maturubai ya malori. Inaning'inia kulia na kushoto, mbele ya ekseli, chini. Upande wa ekzosi kuna kipande cha bati cha kuukinga na joto. Ikichanika, yeyote mwenye sindano ya gunia ataishona. Boliti zote nimezibadilisha ziwe za vichwa vya 10, 12 na 14. Nilitumia Jumapili mbili, na sidhani kuna pesa niliyowahi kuitumia vizuri zaidi kwenye pikipiki hii: shilingi elfu ishirini na tatu.

Januari 2024. Km 40,150

Gia ya mbele, jino moja pungufu. Ni kipande kidogo cha chuma kinachoingia kiganjani, na kinaongeza nguvu ya mvuto kwa kama asilimia saba, ukilipa kwa mwendo wa juu ambao sikuwa nautumia. Kupanda kutoka Sipi sasa sibembelezi tena gia ya kwanza.

Nilipofika maeneo ya juu kuelekea Suam ilianza kukohoa na kutoa moshi mweusi, plagi nyeusi kama sufuria ya kuni. Kwenye mita 2,000 hewa imepungua kwa karibu moja ya tano kulinganisha na usawa wa bahari, lakini kabureta haijui, inaendelea kumimina petroli ileile. Kabla ya kugusa skrubu yoyote nilifungua chujio la hewa. Sifongo ilikuwa imejaa vumbi la Karamoja. Nimeiosha kwa maji ya sabuni ya unga, ikakauka, nikaiminyia oili, nikaikamua. Nusu ya kikohozi ikaisha hapo. Nusu iliyobaki nilirekebisha skrubu ya mchanganyiko robo duara, nikaandika kwenye mkono wa koti nilikotoka ili nikishuka niirudishe. Mtu asipoirudisha, akifika chini kwenye joto injini itakuwa inakula hewa nyingi na petroli kidogo, na huo ndio moto unaoumiza pistoni.

Ile barabara ya Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73, zamani ilikuwa hadithi ya tope. Lami imeibadilisha. Ila visima vyangu havijajengwa kandokando ya lami.

Mei 2024

Tope jeusi la Karamoja, lile linalonata. Boda nne zimesimama, vijana wanachokoa kwa vijiti tope lililojikaza kati ya tairi na madigadi. Kamongo imepita. Nilirudi kuwasaidia kuchokoa. Mmoja wao alikuwa ni yuleyule wa tyubu! Hakunikumbuka. Aliikumbuka pikipiki.

Sili za shokamzoba za mbele zinavuja mafuta. Kabla ya kununua, kata kipande chembamba cha plastiki kwenye chupa ya maji, kiingize kati ya bomba na sili, kizungushe. Mara nyingi ni punje ya mchanga tu imekaa mdomoni. Upande wa kushoto ulipona hivyo. Wa kulia nimenunua sili.

Agosti 2024. Km 45,020

Mwaka unaogawika kwa mbili, kwa hiyo imbalu, msimu wa tohara wa Wagisu, kwa hiyo huwezi kufika popote. Kila kilomita kuna kijana aliyepakwa unga, njuga mapajani, na nyuma yake ukoo mzima unakimbia na kuimba. Ukijaribu kupita kwa honi utachezeshwa. Nimeshinda nusu siku kwenye gia ya kwanza, klachi nusu, hadi injini ikanuka. Nikaegesha kwa watu nisiowajua, nikapewa malewa (machipukizi ya mianzi) na ugali. Waya wa klachi umelegea, nimekaza. Kazi ya siku hiyo: sifuri.

Desemba 2024. Km 47,600

Tarehe 27 Novemba mlima uliporomoka Bulambuli. Sitaandika niliyoyaona, si ya shajara ya pikipiki. Ya pikipiki ni haya: njia za juu zilikatika, gari haliendi, na kwa siku tisa Kamongo imebeba dawa ya kutibu maji, vifaa vya kupimia na mara mbili imebeba mama mwenye mtoto. Tairi la mbele nililipunguza upepo ili likanyage pana kwenye utelezi. Breki ya nyuma ilijaa tope ikawa haishiki kitu. Ni ya ngoma, kwa hiyo kila jioni nilifungua gurudumu, nikaosha viatu vya breki kwa maji, nikavikwangua kwa msasa. Boliti mbili, ekseli, dakika ishirini kwa tochi. Siku ya tano mikono ilikuwa inafanya yenyewe.

Hakuna nilichovunja. Nimeangalia mara mbili.

Machi 2025. Km 50,330

Asubuhi inawaka vizuri. Ikipata moto ukaizima, haitaki tena mpaka ipoe. Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikalaumu petroli ya chupa (ambayo inastahili lawama siku zote, lakini si safari hii). Mzee alikuwa kwenye futari, akanijibu kwa simu kwa neno moja: vali.

Nimeshasikia mafundi wengi wakisema vali inayopiga kelele ndiyo mbovu. Ni kinyume. Inayogonga kidogo ina nafasi, inafunga. Iliyonyamaza kabisa ndiyo ya kuogopa. Ile ya kutolea moshi hukaa kwenye moto, na mwaka hadi mwaka inajichimbia ndani ya kiti chake. Kadiri inavyozama ndivyo ile nafasi ndogo kati ya mkono unaoisukuma vali na shina lake inavyoisha. Injini ikipata moto chuma kinatanuka, vali inakosa nafasi ya kufunga, mgandamizo unapotea. Ikipoa inarudi. Ndiyo maana ilikuwa inaniwakia asubuhi tu.

Nilipima ikiwa baridi, nimeilaza usiku kucha. Ukitoa kifuniko cha pembeni unazungusha hadi alama ya T ikae sawa na mkato, na unahakikisha mikono yote miwili imelegea. Kama imekaza, zungusha duara moja zaidi, hapo ulikuwa kwenye pigo lisilo lenyewe. Jani jembamba kuliko yote la kipimo halikupita. Nikalegeza nati, nikaweka nafasi kama kitabu kinavyotaka, nikakaza huku nimeshikilia skrubu isizunguke nayo. Skrubu huzunguka mara ya kwanza kila mara, kwa hiyo pima tena.

Imewaka ikiwa moto kama haijawahi kugoma. Jambo la saa moja, bila spea hata moja, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya injini nzima.

Juni 2025

Jamaa wa Kampala anauza tangi kubwa la lita kumi na saba linaloingia kwenye hii. Nimelala nalo kichwani siku tatu. La kiwandani ni kama lita kumi na nusu, na mimi napata kilomita 38 kwa lita nikitembea kwa adabu, karibu kilomita mia nne. Kati ya Mbale na Moroto hakuna pengo la mia nne. Na lile tangi likitoboka ni la plastiki, steji haina cha kulifanya. Nimekataa. Nimenunua cheni na gia zake zote mbili kwa pesa hiyo, maana cheni mpya juu ya meno ya zamani inazeeka kwa mwezi.

Cheni yenyewe msimu wa vumbi siipaki oili nzito tena. Ile oili ikishika mchanga inakuwa msasa. Naipangusa kwa dizeli kwenye kitambaa, naiacha karibu kavu, naiongezea tone msimu wa mvua.

19 Julai 2025. Km 52,870

Usukani unakwama kidogo ukiwa umenyooka, kana kwamba kuna kishimo unaangukia. Nimeinua gurudumu la mbele juu ya kreti la soda, nikageuza kwa kidole: ndiyo, kishimo kipo. Beringi za shingo, za tangu mafuriko. Tulizipa grisi ile Februari ya kwanza tukasema zitasubiri, na zimesubiri kilomita elfu ishirini na moja.

Nimefungua kila kitu. Usukani umelala juu ya tangi, umefungwa kwa kamba ili waya zisikatike. Vyungu vya beringi vya juu vimetoka kwa nyundo. Vya chini vimekataa, vinahitaji kuchomelewa doa dogo ndani ili vipate pa kugongwa, na welding ya Mzee imeazimwa na shemeji yake mpaka Jumanne. Jumatano natakiwa Amudat.

Nimempigia yule kijana wa steji anipeleke. Ameniuliza kwanza kama Kamongo mgonjwa, ndipo akataja bei.